Jiwe la Tatu Ng'ambo ya Bonde

Machano hakutembea kama watu wengine. Alitembea kama anayepima. Hatua zake zilikuwa sawasawa, ya kwanza na ya mwisho, na ukimuuliza kutoka mlangoni kwake Mkunazini mpaka sokoni Darajani kuna umbali gani, hakukwambia mbali wala karibu. Alikwambia minyororo kumi na nne na kidogo. Watu walimcheka, lakini hakuwa akijitia. Alikuwa ameshika mnyororo wa kupimia ardhi tangu ujana wake, na kazi iliyokaa mwilini miaka kumi na minane haimtoki mtu kwa sababu leo kavaa kanzu na anakwenda kununua samaki.

Kwao ni shamba, nje ya barabara ya Chwaka ukishapita Dunga. Mama yao alikufa yeye angali akitambaa, na aliyemlea ni dada yake, Mwanapili, aliyemzidi kwa miaka kumi na miwili. Mwanapili ndiye aliyembeba mgongoni akienda kupalilia mpunga wa watu. Yeye ndiye aliyempeleka chuoni akasome Kurani, akamngojea nje mpaka akazoea. Na Machano alipotimia miaka kumi na tisa, yeye ndiye aliyemwambia: "Nenda mjini ukatafute kazi. Hapa utalima miaka na ardhi isiwe yako." Mwenyewe alibaki pale, katika shamba la minazi la bwana mmoja wa mjini, akilima kipande cha bonde la mpunga kwa ruhusa tu, ruhusa ambayo ingeweza kuondolewa asubuhi moja bila ya sababu.

Mjini Machano alipata kazi kwa mpima ardhi wa serikali aitwaye Zahor, Mwarabu wa Sokomuhogo, mwembamba, mwenye miwani mizito na ulimi mkali. Kazi ya mshika mnyororo haina maelezo mengi. Mmoja anashika mwanzo, mwenziwe anavuta mwisho, wanaukaza, wanachoma kijiti cha chuma ulipofika, wanaendelea. Mnyororo mmoja ni futi sitini na sita, pingili mia. Wengi waliifanya kazi ile mpaka wakazeeka bila ya kuuliza neno. Machano aliuliza, na Zahor, ambaye hakuwa na subira na mtu, alikuwa na subira na mwenye kuuliza.

Siku moja walikuwa Kiembe Samaki, wamejibanza chini ya paa la banda wakingojea mvua ipite. Zahor aliokota vijiti vitatu, akavivunja kila kimoja kwa urefu wake, akampa.

"Viunganishe ncha kwa ncha. Umepata umbo gani?"

"Pembetatu, bwana."

"Vitengue, uunganishe tena kwa namna nyengine. Nataka pembetatu nyengine, si hiyo."

Machano alijaribu huku na huku. Akaigeuza, akaipindua, akaona ni ile ile.

"Haiwezekani, bwana. Ni moja tu."

"Ni moja tu," alisema Zahor. "Ukinipa pande tatu, umenipa pembetatu moja, hata nikiwa sijakiona kiwanja. Ukinipa pande mbili na pembe iliyo baina yao, moja vile vile. Ukinipa upande mmoja na pembe zake mbili, moja. Ukinipa pembe tatu peke yake, nitajua sura yake lakini sitajua ukubwa wake." Akapangusa miwani. "Lakini ukinipa pande mbili na pembe isiyokuwa baina yao, hapo jihadhari. Hapo zinaweza kutoka pembetatu mbili mbalimbali, na zote mbili zikakubaliana na daftari."

"Sasa mpima atajuaje ipi ndiyo?"

"Hatajua. Mpima mwenye akili hajiweki pahala hapo."

Maneno hayo Machano aliyashika kuliko alivyoshika mengi aliyofundishwa chuoni. Usiku wake hakuyaota, lakini mchana, akivuta mnyororo juani, aliyapitisha kichwani, na ilimpa raha kujua kitu ambacho wenziwe waliokuwa wakivuta naye hawakukijua. Raha hiyo ilikua pamoja naye. Alikuwa mtu mzuri, mpole, lakini alipenda kuonekana kuwa anajua. Tabia, mkewe, alikuwa akimwambia kwamba hata akieleza njia ya kwenda msikitini huieleza kama aliyeijenga yeye.

Yalipokuja mapinduzi, mwezi wa Januari mwaka sitini na nne, Machano hakulia. Aliona mambo aliyoyaona mitaani, mengine hakuyasimulia kwa mtu, lakini hakulia. Alimfikiria dada yake na lile bonde la ruhusa. Wakubwa wa ofisi ya ardhi waliokuwa Waingereza waliondoka. Zahor hakuondoka, ila aliambiwa asirudi kazini. Machano alikutana naye mara moja katika vichochoro vya Sokomuhogo, akamwamkia haraka haraka, akapita. Siku zile kila mtu aliangalia anasimama na nani. Alijiambia atakwenda kumtazama mambo yakitulia. Hakwenda.

Ardhi ikachukuliwa na serikali, ikaanza kugawiwa eka tatu tatu. Wapima walikuwa wachache na kazi ilikuwa kubwa, na ofisi ikaleta kijana aitwaye Muhiddin, aliyekuwa amerudi kutoka kozi ya miezi sita nchi za nje. Muhiddin alikuwa hodari wa darubini, ile ya miguu mitatu inayosoma pembe. Mnyororo aliudharau. Alisema ni kazi ya punda.

Mwaka wa sitini na sita zamu ikafika shamba la kule njia ya Chwaka. Vikakatwa viwanja vya eka tatu, kimoja baada ya kimoja, mpaka mwisho kikabaki kipande cha pembe tatu ambacho hakikuingia katika hesabu ya mtu yeyote, kati ya njia, mwinuko wa ng'ambo ya bonde na kiwanja cha Borafya. Borafya alikuwa mwenyekiti wa kamati ya pale, mtu wa maneno machache, anayesikiliza sana. Mwanapili alikuwa mjane, hakuwa na mwanamume wa kumsemea, na jina lake lilikuwa limerukwa katika orodha ya mwanzo. Kamati ikasema hicho kilichobaki apewe yeye. Kwa Mwanapili kilikuwa zaidi ya alichowahi kukiomba, kwa sababu ndani yake kulikuwa na bonde lile lile alilolilima tangu usichana wake.

Siku ya kupima ilikuwa baada ya masika. Jiwe la kwanza la mpaka lilitiwa kisimani. La pili chini ya mzambarau. La tatu ng'ambo ya bonde, kwenye mwinuko, na shimo lake alilichimba Machano kwa mikono yake, akalishindilia mchanga na kokoto mpaka halikutikisika. Muhiddin alisimamisha darubini kisimani, akatazama mzambarau, akatazama mti wa alama uliosimamishwa kwenye jiwe la tatu, akasoma pembe: digrii arobaini. Wakavuta mnyororo kutoka kisimani mpaka mzambarauni: kumi kamili. Wakavuta kutoka mzambarauni mpaka jiwe la tatu, wakipita ukingoni pakavu: saba kamili. Upande uliobaki, wa kutoka kisimani moja kwa moja mpaka jiwe la tatu, ulipita katikati ya bonde, na bonde lilikuwa limejaa maji mpaka kiunoni.

Muhiddin akaanza kukunja miguu ya darubini.

"Bwana," alisema Machano, "bado."

"Bado nini?"

"Pembe uliyoipima iko kisimani. Pande ulizozipima zinakutana mzambarauni. Pembe inayotakiwa ni ya mzambarauni. Ama hivyo, ama tuvuke bonde tuupime ule upande wa tatu."

Angeweza kumwambia pembeni. Muhiddin alikuwa na haraka, si mjinga. Angeambiwa kwa sauti ndogo, huenda angesimamisha darubini mara ya pili na mambo yakaisha. Lakini Machano alisema kwa sauti ya kusikika na wote: wavutaji wenziwe, watu wa kamati, Borafya, na Mwanapili aliyekuwa amesimama na mtungi wa maji akimtazama mdogo wake aliyemlea akizungumza na mkubwa wa ofisi. Muhiddin alicheka, akasema mvuta mnyororo leo amekuwa mwalimu wa hesabu. Hapo ndipo Machano alipokwenda mbele zaidi.

Alichoma kijiti mchangani, akasema hiki kisima. Akachoma cha pili, akasema huu mzambarau. Akachora mstari mrefu kwa kidole cha mguu kutoka kisimani, akasema hii ndiyo njia ya darubini, jiwe la tatu liko juu ya mstari huu, lakini pahala gani hatujui. Akafunga kamba kwenye kijiti cha mzambarau, akaikata kwa kiasi cha ile minyororo saba, akaizungusha. Ncha ya kamba ikaukata mstari pale mbali. Akaendelea kuizungusha, ikaukata tena, huku karibu na kisima.

"Mumeona? Pahala pawili. Pembe ile ile, pande zile zile. Pembetatu kubwa na pembetatu ndogo."

Watu waliguna kwa kustaajabu. Borafya alichutama akatazama vijiti.

"Hebu rudia, bwana Machano."

Machano akarudia. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu Borafya aliishika kamba mwenyewe.

"Kwa hivyo," alisema Borafya taratibu, "hata jiwe lingekuwa huku, upande wa kisima, karatasi ingesema vile vile?"

"Vile vile. Isingebadilika hata herufi."

"Mashaallah," alisema Borafya. "Elimu hii."

Muhiddin alikuwa amekwisha kufunga darubini ndani ya sanduku lake. "Umemaliza darasa?" aliuliza. "Jiwe si lile pale? Atakayetaka kujua akatazame jiwe." Akaandika daftarini alichokipima, na pahala pa kuandika ukubwa wa kiwanja akapaacha patupu, patiwe baadaye ofisini. Hapakutiwa. Hati aliyopewa Mwanapili ilisema kipande kilichobaki, kama kilivyopimwa.

Mwanapili alimpa Machano maji kwanza kabla ya wengine wote. Alikuwa akitabasamu. "Nlikuwa sijui kama unajua hivi," alimwambia.

Wiki tatu hazikupita, Machano akaitwa ofisini akaambiwa kazi imekwisha. Hakupewa sababu, ila mtu mmoja wa masijala alimnong'oneza kuwa ameandikwa kuwa ni mtu wa Zahor, mwenye kurudisha nyuma kazi ya kugawa ardhi. Akaenda Kikwajuni kwenye majengo mapya ya ghorofa, akawa anawashikia waashi kamba ya kunyooshea kuta. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Tabia alimwambia mara moja tu, "Ungemwambia pembeni," na hakulirudia tena, lakini mara moja ilitosha.

Faraja yake ilikuwa ni Mwanapili. Kila mavuno, gari ya shamba ilipofika Darajani, kulikuwa na kikapu cha mchele chenye jina lake, na juu yake nazi mbili au rundo la mchicha. Alikula wali ule akisema kimoyomoyo kwamba ardhi ile ameipima yeye.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na wa sabini na moja, na mchele mjini ukaadimika. Watu walipanga foleni alfajiri wakarudi na vibaba viwili vya unga. Waliokuwa na mihogo walikula mihogo, na waliokuwa na bonde walitazamwa. Kabla ya hapo Borafya hakuwa na haja na bonde. Minazi yake ilimtosha. Sasa kila aliyekuja kwake alimuuliza kwa nini mwenyekiti hana mpunga na mjane wa jirani anao.

Asubuhi moja Mwanapili alishuka Darajani na gari ya shamba, akaja Mkunazini kwa miguu bila ya kikapu. Alikaa barazani, hakutaka kuingia ndani.

"Machano, lile jiwe ulilolitia halipo."

"Jiwe gani?"

"La ng'ambo. Na kuna jiwe jengine limesimama upande wetu huu, kabla ya bonde. Borafya kapanda mkonge kutoka jiwe hilo mpaka mzambarauni. Nlimuuliza, akanambia mpaka ndipo hapo siku zote, nlikuwa nnalima kwake na yeye kaninyamazia kwa ihsani."

Machano alicheka kwa hasira. Alimwambia asiwe na wasiwasi, karatasi ipo, vipimo vipo, mtu hawezi kuokota jiwe akalitia anapotaka. Wakaondoka pamoja siku ile ile.

Alikwenda kwanza ng'ambo ya bonde. Pale alipochimba miaka mitano nyuma palikuwa na udongo laini, umejazwa karibuni, na juu yake majani makavu yametandazwa. Akarudi mzambarauni. Akasimama na mgongo wake mtini, akaanza kutembea kuelekea jiwe jipya, akihesabu hatua zake sawasawa. Alipomaliza hatua ya mwisho ya mnyororo wa saba, jiwe lilikuwa mguuni pake. Halikuzidi pingili moja, halikupungua.

Alikaa chini pale pale. Mwizi wa kawaida angelitia jiwe panapomfaa, na kipimo cha kwanza kingemuumbua. Hili halikutiwa na mtu wa kubahatisha. Lilitiwa na mtu aliyefundishwa, akarudiliwa mara tatu, mpaka akaishika kamba kwa mkono wake.

Mwanapili alikuwa amesimama pembeni. "Umeona nini?" alimuuliza.

Kesho yake alikwenda Sokomuhogo kwa Zahor, baada ya miaka saba. Alimkuta katika chumba cha chini cha nyumba iliyokuwa yake yote, sasa wamewekwa watu wengine juu, akitengeneza saa za watu mezani kwa kioo cha kukuzia. Alikuwa amezeeka kupita umri wake.

"Shikamoo, bwana Zahor."

"Marahaba." Hakunyanyua kichwa. "Nnaijua sauti hii. Ulikuwa ukiniuliza maswali."

Machano alimweleza yote, na Zahor alisikiliza huku bisibisi ikiwa mkononi. Alipofika kwenye kamba na vijiti, mzee aliiweka chini.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, bwana."

Machano akamwomba aandike barua, yeye aliye mpima khasa, aeleze kuwa karatasi ile pekee haitoshi, kwa hivyo lazima aaminiwe aliyelitia jiwe.

"Mimi niandike?" alisema Zahor. "Jina langu likionekana chini ya karatasi hiyo, dada yako atanyang'anywa na hicho kilichobaki. Watasema Waarabu wanataka kurejesha mashamba. Nenda zako, Machano. Ulipita hapa nje miaka saba ukigeuza uso, nami nlikusamehe kwa sababu nlijua kwa nini. Usinitie sasa katika jambo hili."

Kamati ilikaa wiki iliyofuata, kwenye tawi la chama, mbele ya mjumbe aliyetoka mjini. Borafya alijitoa katika kiti kwa siku hiyo, akakaa upande wa wenye shauri, na watu wakamsifu kwa hilo. Muhiddin aliletwa na gari, amenenepa, na daftari la mwaka sitini na sita mkononi.

Mjumbe alimuuliza Muhiddin: "Ndugu mpima, karatasi inasema jiwe la tatu liko wapi?"

"Inasema pembe ya kisimani ni digrii arobaini, kisimani mpaka mzambarauni minyororo kumi, mzambarauni mpaka jiwe la tatu minyororo saba."

"Jiwe lililopo sasa linakubaliana na vipimo hivyo?"

"Nimelipima leo asubuhi. Linakubaliana."

"Na huyu mama anasema lilikuwa ng'ambo. Huko nako?"

Muhiddin alimtazama Machano kwa mara ya kwanza. Alikuwa akikumbuka, Machano aliliona hilo machoni mwake. "Huko nako kunakubaliana," alisema. "Karatasi haiwezi kutenganisha."

"Kitu gani hicho? Kiwanja kimoja kiwe na mipaka miwili?"

"Inawezekana, ndugu mjumbe," alisema Borafya kwa adabu. "Tulifundishwa. Bwana Machano mwenyewe alituonesha kwa kamba, sote tulikuwapo. Alisema jiwe lingekuwa huku, karatasi isingebadilika hata herufi."

Mjumbe akamgeukia Machano. "Ulisema?"

"Nilisema, lakini..."

"Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

Kisha akaeleza, na alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama alivyopenda kueleza siku zote. Alisema kwamba kwa sababu karatasi inatoa pembetatu mbili, haiwezi kuwa shahidi wa yeyote. Lazima itazamwe ardhi na asikilizwe aliyelichimba shimo. Shimo la zamani liko ng'ambo, waende wakalione. Yeye ndiye aliyechimba.

"Shimo mtu yeyote anaweza kuchimba," alisema mjumbe. "Na wewe ni nani kwa huyu mama?"

"Ni dada yangu. Ndiye aliyenilea."

Watu wawili watatu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Waliokuwapo siku ile ya kupima, na walikuwa saba katika chumba kile, walitazama miguu yao. Mmoja wao, Sichana, aliyekuwa akilima bondeni pamoja na Mwanapili tangu utoto, alianza kusema kwamba yeye anavyokumbuka, kisha akakutana na macho ya Borafya, akasema ni zamani, hakumbuki vizuri. Mjumbe akaamua kuwa maadamu vipimo vinakubali pote pawili, na jiwe lililosimama limesimama hapa, basi hapa ndipo. Mwanapili alibakiwa na chini ya nusu: kisima, ukingo wa mawe, na minazi michache.

Wakarudi nyumbani pamoja. Walipofika kwenye mzambarau Mwanapili alisimama.

"Kumbe lingekuwa halijulikani," alisema. "Kama hukusema wewe, hakuna mtu pale angelijua."

"Dada, nlikuwa nnataka kukuhifadhia."

"Siku ile hukuwa ukinihifadhia mimi," alisema Mwanapili. Hakuinua sauti. "Nlikuwa nimesimama na mtungi nnakutazama. Ulikuwa ukijionesha, nami nlifurahi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nlifurahi."

Tangu hapo hapakuja kikapu Darajani, wala hapakuwa na mchele wa kutia ndani yake. Machano alikwenda kumwamkia kila Iddi. Alikaribishwa, akapewa kahawa, akaulizwa hali ya Tabia. Mwanapili alikuwa akimwita bwana Machano, kama anavyoitwa mgeni.

Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa kiangazi, ofisi ilipeleka wapima wapya kupima upya viwanja vyote vya sehemu ile, kwa sababu vipimo vya haraka vya mwanzo vilikuwa vimeleta mashauri mengi. Machano alikuwa kule siku hiyo. Dada yake alikuwa na homa na yeye amekwenda kumtazama. Mpima, kijana mtaratibu kwa jina la Himid, alipungukiwa na mtu, mshika mnyororo wake mmoja alikuwa amechomwa na mwiba mguuni. Akauliza kama kuna anayejua kazi. Borafya alimwonesha kwa kidole.

"Mzee yule. Hakuna anayeijua kama yeye."

Alisema bila ya kejeli yoyote. Machano angeweza kukataa. Lakini watu walikuwa wakingoja, na kukataa kungekuwa ni kusimama mbele ya watu kwa mara nyengine. Na mikono yake, Mungu amsamehe, iliutaka mnyororo. Akaushika. Wakavuta kutoka kisimani mpaka mzambarauni: kumi. Kutoka mzambarauni mpaka jiwe: saba. Kutoka jiwe mpaka kisimani, pakavu, hapakuwa na kizuizi: minne na pingili themanini na tisa. Machano alizisoma pingili kwa sauti, na Himid akaziandika, kisha akapiga hesabu ya ukubwa pale pale, akautia mahala pake kwa wino.

"Pande tatu," alisema Himid akifunga daftari. "Hapa hapana tena maneno. Hata mjukuu wa mtu hataweza kuusogeza mpaka huu."

Mwanapili alitoka ndani kwa kujikongoja, kajitanda kanga mbili kwa baridi ya homa, akawaletea wapimaji maji kwenye kata. Alimpa Himid kwanza, kisha wavutaji, kisha Borafya. Wa mwisho akampa Machano. Machano akanywa, akamrudishia kata, naye akaipokea bila ya kumtazama.

Himid alimpa nafasi ndani ya gari kurudi mjini. Walipokaribia Mwanakwerekwe kijana alimgeukia kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi vizuri.

"Mzee, unajua kwa nini lazima tupime pande zote tatu, na tusitosheke na mbili na pembe yoyote tu?"

Machano alikuwa akitazama nje.

"Sijui, bwana," alisema. "Mimi nnashika mnyororo tu."

Basi Himid akamweleza, njia nzima, mpaka walipofika Mnazimmoja.